Chubwi Zilizokunjamana: Kisa cha Risasi Iliyoharibikia Motoni, Mikindani

Mwishoni mwa Juni, wakati kusi ilipokuwa imekaza na vyombo vidogo vinakaa ndani ya ghuba siku mbili tatu bila kutoka, mjomba wangu aliyeko Mikindani alinitumia ujumbe kwamba chubwi zake, vile vizito vya risasi vya kuzamishia wavu, zimeharibika, niende nikazitazame. Kwetu kusini, ambako ukoo wa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera umehesabiwa tangu zamani kwa upande wa mama, mwito wa mjomba hauwekwi kando. Nami kazi yangu ni kusubu, yaani kuyeyusha na kumimina, alumini na shaba mjini Mtwara, kwa hiyo nilifunga kibanda, nikachukua mizani ndogo, sumaku na kisu, nikapanda daladala siku ile ile.

Mjomba alikuwa anaunda jarife jipya, yaani wavu mkubwa wa kuvulia. Kamba ya juu ilikwisha kuvishwa maboya, na kamba ya chini ilihitaji chubwi 600. Chubwi zake si zile za kutobolewa katikati na kupitishwa kamba, bali ni vipande vifupi vilivyokunjwa nusu mfano wa jani, ambavyo hupachikwa juu ya kamba kisha vikabanwa kwa koleo hadi vikaishika. Kalibu yake, yaani chombo cha kumiminia risasi ipate umbo, ni ya chuma, ina vipande viwili vyenye bawaba, na hutoa chubwi nne kwa mmimino mmoja. Alikuwa ameitumia kwa miaka mingi bila malalamiko.

Safari hii alikuta kasoro tatu kwa pamoja. Ngozi ya chubwi ilikuwa imekunjamana kama utando wa maziwa yaliyopoa. Kingo na pembe zake hazikujaa, zilikuwa za mviringo mahali palipopaswa kuwa na ncha. Na zilipobanwa kwa koleo, nyingi zilipasuka mgongoni, pale hasa zinapokunjwa. Nilibana 40 mbele yake, na 17 zikapasuka. Chubwi iliyopasuka haifai kwa lolote, kwa sababu ama itaanguka baharini, ama ule ufa utakuwa kisu kidogo kinachokata nyuzi za jarife usiku kucha kadiri mkondo unavyolisukuma.

Kabla sijaendelea, neno moja juu ya jina. Risasi kwetu ni madini, na risasi ni ile itokayo kwenye bunduki, na lugha haikukosea kuviita hivyo, kwani kimoja kilizaliwa katika kingine. Katika nchi ambazo sheria inaruhusu watu kujisubia risasi za bastola nyumbani, kasoro zao ni jamaa wa hizi zetu: ngozi iliyokunjamana, umbo lisilojaa, ulaini au ugumu usiolingana na kazi. Hapa nasema juu ya chubwi peke yake, lakini madini ni yale yale na hayabadilishi tabia kwa sababu ya umbo alilolitaka mtu.

Maelezo ya vijana wa mjomba

Nilipowauliza vijana waliofanya kazi ile, kila mmoja alikuwa na lake. Mmoja alisema kalibu imeingia kutu, mwingine akalaumu mkaa, wa tatu akasema hewa ya bahari inapoza kila kitu. Yote matatu yaliishia kwenye jambo moja, kwamba kalibu ilikuwa baridi, na hilo sikulidharau hata kidogo, kwa sababu ndilo linalokuwa kweli mara nyingi. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Ikimiminwa ndani ya chuma kilichopoa, ule ukingo wa mbele unaganda kabla ya kukutana na ukingo mwingine unaotoka upande wa pili, na pale vinapokutana hapashikani tena, panabaki mkunjo. Ndiyo maana fundi yeyote hurudisha chunguni chubwi za mwanzo, tano au kumi, mpaka kalibu yenyewe ishike joto.

Mimi pia nilianza na kalibu. Niliisugua kwa brashi ya waya, nikaifukiza kwa masizi ya koroboi ili risasi iteleze vizuri, nikaipasha pembeni ya jiko mpaka tone la maji lililodondoshwa mgongoni mwake liliruka na kukauka papo hapo, nikaikausha tena, kisha nikasubu mara sita mfululizo. Chubwi 24 zilitoka, na zote 24 zilikuwa na mikunjo ile ile. Siku ya kwanza iliishia hapo.

Usiku ule niliketi na vijana nikawaomba wanieleze kazi yao tangu mwanzo, siyo sababu walizozidhani bali mambo waliyoyaona kwa macho na mpangilio wake. Hapo ndipo kisa kilipoanza kufunguka. Mjomba alikuwa amenunua kilo 36 za risasi kutoka kwa mnunuzi wa chuma chakavu, na karibu yote ilikuwa vile vipande vinavyobandikwa kwa vibanio vya chuma kwenye rimu za magari kusawazishia magurudumu. Miaka ya nyuma hakununua hivyo. Alikuwa akitumia risasi ya zamani, iliyovuliwa kwenye majarife yaliyochakaa na kwenye maganda ya nyaya kuukuu za simu. Safari hii ile ya zamani haikutosha.

Walipasha chungu cha kwanza kwa moto wa kawaida. Risasi ikayeyuka, chubwi za mwanzo zikatoka na mikunjo, jambo ambalo ni la kawaida kabisa kwa kalibu iliyopoa. Lakini juu ya risasi iliyoyeyuka kulikuwa kunaelea vipande ambavyo havikutaka kuyeyuka. Kijana mdogo kuliko wote aliviita vipande vikaidi. Wakaona matatizo mawili, mikunjo na ukaidi, na wakaona dawa moja inayotosha yote: wazidishe moto. Wakaleta feni ya kupulizia, wakaongeza mkaa, wakafunika chungu kwa bati, wakaenda kuswali Adhuhuri. Waliporudi, vipande vikaidi havikuwepo tena isipokuwa vibanio vya chuma, nao wakafurahi. Chubwi chache zilizofuata zilitoka nzuri kiasi kwa sababu kila kitu kilikuwa cha moto sana, kisha chungu kilipoanza kutulia kila chubwi ikawa mbaya kuliko iliyotangulia. Kilo 24 ziliyeyushwa kwa mtindo huo. Kilo 12 zilibaki ndani ya gunia, hazijaguswa.

Niliposikia habari ya vipande vikaidi nilijua nitafute nini, ila sikutaka kumwambia mjomba jambo ambalo sijalithibitisha, kwa sababu fedha ya risasi ile ilikuwa ya kukopa.

Kuondoa mashaka moja baada ya jingine

Asubuhi nilimwomba mjomba chubwi 40 kutoka kwenye jarife lake la zamani, zile ninazojua zimetoka kwenye risasi laini. Niliziyeyusha katika chungu kingine ambacho hakijawahi kugusa mzigo mpya, nikatumia kalibu ile ile, mkaa ule ule, upawa ule ule na mkono wangu ule ule. Nilirudisha sita za kwanza. Baada ya hapo nilisubu chubwi 30, ngozi yake ikawa laini na kung'aa, kingo zake kali. Nikazibana zote 30 kwa koleo, na hakuna hata moja iliyopasuka. Kalibu, mkaa, hewa ya bahari na wale vijana wakatoka katika mashtaka kwa pamoja. Ubaya ulikuwa ndani ya mzigo mpya.

Kisha nikarudi kwenye mzigo mpya nikauyeyusha taratibu, nikautazama bila kumimina kitu. Risasi safi ikiyeyuka ina uso kama kioo, na ukiondoa utando wake kwa upawa kioo kinarudi kwa muda. Hii haikuwa hivyo. Uso wake ulikuwa wa kijivu wenye chembechembe, mfano wa uji wa mtama ulioanza kuganda, na kila nilipouondoa ulirudi mara moja. Nilipochochea kwa fimbo ya chuma, nyuma ya fimbo palibaki mtaro uliochelewa kuziba. Kadiri chungu kilivyopoa ndivyo uji ulivyozidi kuwa mzito, ingawa chini yake risasi ilikuwa bado majimaji.

Sasa nikamwaga lile gunia la kilo 12 juu ya turubai na kuanza kuchambua kipande kimoja kimoja, nikitafuta zinki, madini ya kijivu yanayofanana na risasi kwa macho. Vilikuwa vipande 287. Nieleze njia niliyoitumia kwa utaratibu wake, kwa sababu utaratibu ukivurugwa majibu nayo huvurugika. Kwanza nilipitisha sumaku kwenye mwili wa kipande, siyo kwenye kibanio chake, kwa kuwa kibanio ni chuma hata kama mwili ni risasi. Miili 31 ilishikwa na sumaku, hiyo ni chuma, na baadhi yake ilikuwa imechapwa herufi Fe. Pili nilikwaruza rangi ya juu na kujaribu kukata kwa kisu. Risasi hukatika kama sabuni ngumu na kuacha jeraha linalong'aa, ilhali zinki hukifanya kisu kiteleze na kuacha mkwaruzo mwembamba. Tatu niliangusha kila kilichonitia shaka juu ya sakafu ya saruji. Risasi hutoa kishindo kizito kisicho na mlio, zinki hulia kama sarafu. Mwisho, kwa vile vilivyobaki na mashaka, nilidondosha tone la maji makali ya betri mahali nilipokwaruza rangi, mbali na kibanio. Kwenye zinki tone huchemka na kutoa povu jembamba, kwenye risasi hutulia. Tone hilo linahitaji glavu na macho yaliyofunikwa kwa miwani, na watoto wawe mbali, kwa hiyo nililitumia kwa vipande vichache tu.

Nilipata vipande 22 vya zinki, baadhi yake vimechapwa Zn waziwazi kwa herufi ambazo hakuna aliyekuwa amezisoma. Vinane sikuweza kuvipa jina, nikavitenga. Vingine 226 vilikuwa risasi. Uzito wa vile 22 ulikuwa gramu 520, yaani zaidi kidogo ya asilimia 4 ya gunia lile, na sina sababu ya kudhani kwamba kilo 24 zilizotangulia zilikuwa safi kuliko hizi.

Zinki ilifikaje Mikindani? Kwa magari. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku uzani wa risasi kwenye magurudumu ya magari madogo tangu Julai 2005, na watengenezaji wa nchi nyingi walikwisha kuhamia zinki na chuma. Gari lililotumika likishushwa bandarini linakuja na uzani wake kwenye rimu, na siku linapobadilishwa matairi uzani ule unaingia kwenye ndoo ya fundi wa matairi, zinki na risasi pamoja, vyote vya kijivu, vyote vina kibanio. Mwenye ndoo hana kosa la kukusudia. Lakini mvuvi anayezoea kuita kila kipande cha kijivu risasi anapaswa kujua kwamba ndoo ya leo si ndoo ya miaka 20 iliyopita.

Moto ulivyogeuka kuwa mkosaji

Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, yaani nyuzi 92 juu ya risasi, na ni nyepesi: sentimita moja ya ujazo ya risasi ina gramu 11.3, ya zinki ina gramu 7.1. Kwa hiyo katika chungu chenye moto wa wastani zinki haiyeyuki wala haizami. Inaelea juu kama kokwa la embe ndani ya ndoo ya maji, ikikungoja uiondoe kwa upawa. Vipande vikaidi vya kijana yule vilikuwa ndiyo salama yao. Chungu kilikuwa kinawaonyesha kisichotakiwa, na wao, kwa kuzidisha moto ili waponye kasoro ndogo ya kalibu iliyopoa, wakavuka nyuzi 419 wakakiyeyushia ndani.

Ikishaingia, haitoki kwa urahisi. Risasi iliyo karibu na kuganda hubeba zinki kidogo mno, takriban nusu ya asilimia moja. Ikiwa ya moto zaidi hubeba zaidi. Chungu kilipokuwa kimepamba moto kilimeza zinki nyingi, na kilipotulia kikaanza kuitapika, nayo ikapanda juu kwa wepesi wake na kufanya ule uji wa kijivu. Hata ile kidogo inayobaki ndani ina hila yake, kwa sababu zinki hushikana na hewa haraka kuliko risasi, na kila uso mpya unaozaliwa risasi inapomiminika huvikwa ngozi ngumu papo hapo. Ndani ya kalibu ndimi mbili za risasi zinakutana zikiwa zimekwisha kuvaa ngozi, hazichanganyiki, hazisukumi mpaka kwenye pembe. Mikunjo na pembe zisizojaa vinatoka hapo, na haijalishi kalibu ni ya moto kiasi gani. Hiyo ndiyo sababu mikunjo ya kalibu baridi na mikunjo ya zinki hufanana kwa macho, na ndiyo sababu dawa ya mmoja ni sumu ya mwingine.

Nilitaka pia kujua uzito. Chubwi 20 za risasi laini zilizotoka kwenye kalibu ile zilikuwa na gramu 1,050. Chubwi 20 mbaya zilikuwa na gramu 962. Nilipiga hesabu: hata nikikadiria kwamba katika kila mia kuna sehemu mbili za zinki na sehemu tatu za antimoni, madini yanayotiwa kwenye risasi ili iwe ngumu, wepesi wa madini hayo ungepunguza takriban asilimia 3 tu, ilhali hapa zimepungua zaidi ya asilimia 8. Sehemu kubwa ya upungufu ilikuwa ni nafasi tupu, yaani pembe ambazo hazikujaa. Kwa chubwi 600, kamba ya chini ingepungukiwa na kilo 2.6 hivi, na mjomba hakuhitaji kuelezwa maana yake wakati wa bamvua, mkondo unapolinyanyua jarife chini na samaki wakapita.

Mmoja wa vijana alikuwa amesikia kwamba salfa hutoa zinki, na salfa huku kwetu haitafutwi mbali, kila mwenye mikorosho anayo ya kupulizia ugonjwa wa ubwiri unga. Nilimkataza kwa ukali ambao baadaye nilimweleza sababu yake. Salfa ikitupwa juu ya risasi ya moto huwaka na kutoa moshi unaokaba kifua, na haichagui zinki peke yake, hula na risasi pia na kuacha masalia machafu yenye kuwashinda watu wasio na vifaa. Viwanda vina njia zake za kusafisha. Nyuma ya nyumba ya Mikindani, kwa chungu cha kilo 12, mzigo ulioingia zinki umekwisha kuwa kitu kingine, na ni afadhali kuupa kazi nyingine.

Ufa ulikuwa na baba mwingine

Hapa nilikaribia kufanya kosa. Zinki ilikwisha kukamatwa, na ilikuwa rahisi kuitwika na ile kasoro ya tatu, kupasuka. Lakini mjomba aliniuliza swali ambalo lilinisimamisha: "Mpwa wangu, mbona zile tulizobana siku ile ile tuliyozisubu hazikupasuka, zimekuja kupasuka hizi zilizongoja kamba?" Kamba ya chini ilichelewa kutoka Dar es Salaam, na chubwi zilikaa ndani ya ndoo wiki mbili na siku kadhaa. Zinki haikuingia ndani ya chubwi zikiwa ndooni.

Nilichukua risasi safi niliyoichambua kutoka kwenye gunia, isiyo na zinki wala chuma, nikaiyeyusha kwa moto mdogo, nikatupa vibanio vilivyoelea, nikatia kipande cha mshumaa na kuchochea ili utando urudi kuwa madini. Nilisubu chubwi 60. Zilitoka zimejaa na ngozi yake laini, na hapo nikawa na uhakika kwamba mikunjo ilikuwa ya zinki. Kisha nikazigawa. Chubwi 30 niliziangusha juu ya ubao mkavu zipoe zenyewe, na 30 nikazitumbukiza kwenye ndoo ya maji kama vijana walivyokuwa wakifanya ili wazishike upesi. Jioni ile nilibana kumi za kila upande: za ubaoni hakuna iliyopasuka, za majini ikapasuka moja. Nikarudi Mtwara, nikaja tena baada ya siku nane, nikabana 20 zilizobaki za kila upande. Za ubaoni zilipasuka tatu. Za majini zilipasuka 14.

Sababu ni antimoni. Uzani wa magurudumu hausubiwi kwa risasi tupu, hutiwa antimoni asilimia chache ili usibonyee barabarani. Risasi tupu kwenye kipimo cha ugumu cha Brinell hufika 5 hivi, na ya magurudumu hukaribia mara mbili yake. Yenye antimoni ina tabia moja ambayo risasi tupu haina: ikipozwa ghafla kwa maji kutoka kwenye joto la kalibu, haiishii kuwa ngumu siku hiyo, inaendelea kukaza kwa siku nyingi ikiwa imekaa kimya tu. Kwa anayesubu risasi za bunduki, ugumu huo huenda ndio anaoutafuta. Kwa mvuvi anayetaka chubwi ikunjike juu ya kamba kama unga wa chapati, ni hasara. Risasi ya zamani ya mjomba ilikuwa tupu, haikujali maji, na kwa sababu hiyo ile ndoo ilikaa miaka mingi kando ya chungu bila kuleta lawama.

Ilikuwa na hatari nyingine hata hivyo, na hiyo ndiyo niliyomwambia mjomba mbele ya vijana wake wote. Maji yakigeuka mvuke hupanuka zaidi ya mara 1,600. Tone moja likiingia chini ya uso wa risasi iliyoyeyuka linairusha juu yote kama mchanga uliopigwa teke. Kipande cha uzani chenye unyevu, upawa uliolowa, mkono uliotoka ndooni ukachukua chubwi, kila kimoja kinatosha kumpofusha mtu. Ndoo iliondolewa siku hiyo.

Jaribio la mwisho lilikuwa fupi. Nilichanganya sehemu moja ya risasi ya magurudumu iliyochambuliwa na sehemu mbili za risasi laini, nikasubu 20, nikazipoza ubaoni, nikazibana baada ya siku nane. Hakuna iliyopasuka. Ishirini ni chache, na ningependa zingekuwa mia, lakini zilitosha kumwezesha mjomba aamue.

Jambo lililonisumbua kuliko chubwi

Kazi ile ilikuwa ikifanyika hatua nne kutoka jikoni kwa mkaza mjomba, na chungu cha pili, kile nilichokitumia kwa risasi ya zamani, kilikuwa sufuria la alumini ambalo nilielezwa baadaye kwamba huazimwa kwa pilau. Uchafu uliotolewa juu ya risasi ulikuwa umemwagwa chini ya mpapai, na kuku walikuwa wakichakura hapo. Watoto wawili walikuwa wakichezea vibanio.

Watu wengi huogopa moshi wa risasi, na kwa moto wa wastani moshi wenyewe si mkubwa. Kinachoingia mwilini zaidi ni vumbi la ule utando wa kijivu, linaloshika mikono, nguo na sakafu, kisha likafuata mkate na uji. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya kile anachofyonza mtu mzima kutoka katika kiasi kile kile kilichomezwa. Madhara yake ni kwenye ubongo, nayo hayarudi nyuma. Nilimweleza mkaza mjomba haya yote nikiwa nimeketi, kwa heshima, bila kumlaumu mtu, naye alinyanyuka kabla sijamaliza akaenda kuwaita wale watoto.

Tulihamisha jiko mpaka ufukweni, upande ambao kusi inapeleka vumbi majini badala ya nyumbani. Nilichomelea kitako kwenye kipande cha bomba nene la chuma kuwa chungu kipya, kwa sababu alumini hulegea kwa joto mapema kabla ya kuyeyuka kwenye nyuzi 660, na feni ile ikipuliza mkaa kwa nguvu, lita mbili za risasi katika sufuria lililolegea ni kilo 22 zinazosubiri kuanguka miguuni. Lile sufuria nililipaka rangi nyekundu nje na ndani, likabaki bandani kwa kutunzia vibanio. Ule uchafu wa mpapai tuliulowesha, tukaukusanya pamoja na udongo wake kwenye mkebe wenye kifuniko. Nguo za kazi hazirudi ndani ya nyumba, na mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya chakula na kabla ya sigara.

Kilo 24 zenye zinki mjomba alizigandisha ndani ya mikebe ya maziwa kuwa mawe ya kushikilia pembe za jarife, mahali ambapo mikunjo haina madhara kwa mtu wala kwa nyuzi. Kwa chubwi alilazimika kununua risasi laini nyingine, na fundi mmoja wa nyaya mjini alikuwa nayo. Moto sasa unawashwa bila feni, na kipande kigumu cha risasi huachwa daima ndani ya chungu mpaka kuchambua kunapokwisha, kwa maana maadamu kipande hicho hakijayeyuka chote, chungu hakiwezi kuwa mbali na nyuzi 327, na zinki yoyote iliyopenya mkononi itaelea ionekane. Kijana mdogo ndiye aliyepewa upawa wa kuiondoa.

Chubwi 600 zilitimia wiki ya tatu ya Julai. Nilipima 20 bila kuchagua, zikawa na gramu 1,038. Wakati wa kubana zilipasuka mbili, zote zikiwa kutoka mmimino wa kwanza wa asubuhi, ambao ulipaswa kurudishwa chunguni. Vile vipande vinane nisivyoweza kuvipa jina bado ninavyo kibandani kwangu, ndani ya chupa, na nimemwambia mjomba kwamba visichanganywe na kitu mpaka nitakapovikata katikati kwa msumeno.